Ngano ya Wageni

Nilipokuwa mdogo, kila mavuno mama aliacha ukanda wa ngano bila kuukata, upana wa hatua kumi, kando ya dirisha la jikoni. Alisema ni ngano ya wageni. Mimi nikaamini. Nikapanga vikombe vinne mezani, nikakaa dirishani kusubiri watu wenye mabegi. Hawakuja. Nilinuna mpaka mama akanishika mkono, akanipeleka kwenye ule ukanda kunionyesha wageni wenyewe: panzi, vunjajungu, vipepeo, nyuki, na vijidudu ambavyo hata yeye hakuvijua majina. Baba alicheka mpaka chai ikampalia, na utani wa vikombe haukuisha tena nyumbani.

Mama alivuna kwa mundu, akianzia katikati kwenda nje. Mimi ni dereva wa kombaini ya kuvunia, na kombaini haina muda wa wageni. Naanzia ukingoni, nazunguka, nazunguka, kinabaki kisiwa kidogo katikati, nacho nakimaliza. Wenye mashamba hunisifu kwamba nanyoa vizuri. Tangu tumzike mama, miaka mitatu sasa, shamba letu nalo nimelinyoa hivyo hivyo hadi mpakani, huku nikijiona fundi kwelikweli.

Baba haoni tena. Hushinda jikoni, sikio dirishani, na kila nikirudi swali ni lile lile: "Wageni hawajafika?" Nikadhani uzee umeanza kumchezea. Siku moja nilichoka, nikamfokea.

"Wageni gani, baba? Nani wa kuja huku?"

"Panzi, mwanangu. Mama yako alikuwa akivuna, wao wanamkimbia kuja huku ukingoni. Nikisikia kelele zao zimefika dirishani, najua naye anakaribia, nabandika chai. Siku hizi nakaa tu, sijui nibandike saa ngapi."

Kumbe miaka yote hiyo niliwasukuma wote kwenye kile kisiwa cha mwisho, halafu nikapita juu yao. Nilimkosa mama siku ile kuliko siku ya mazishi, maana siku ya mazishi nilikuwa na watu wa kupikia.

Mavuno yaliyofuata nilipasua njia hadi katikati ya shamba, nikaanzia hapo kwenda nje. Kugeuza lile dude mule ndani ni adhabu. Jirani akasimama mpakani, mikono kiunoni.

"Dereva, leo umepotea?"

"Nilipotea zamani. Leo ndiyo narudi."

Nilipofika hatua kumi kutoka dirishani, nikazima injini.

Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili kimya. Baba aliacha hata kuuliza, na hilo liliniuma kuliko maswali yake. Nilianza kuuangalia ule ukanda kwa hasira, kana kwamba ulinivunjia ahadi.

Siku ya kumi na saba, mchana, nikiwa naosha vyombo, kitu kikakwaruza nje. Kikanyamaza. Kikakwaruza tena. Baba akainua kichwa.

"Wangapi?"

Nikachungulia. Panzi, kwenye bua la ngano lililoegemea dirisha.

"Mmoja tu, baba."

Akapapasa ukuta mpaka kwenye jiko, akabandika chai mwenyewe.

"Basi weka vikombe," akasema. "Vinne."