Mikono ya Maman Rosalie

Asubuhi Maman Rosalie, muuguzi wa vidonda, alimimina maji kwenye beseni, akatia chembe chache za permanganati, akakoroga mpaka yakawa ya waridi. Dawa ikikolea huunguza ngozi. Ikigeuka kahawia imeshamalizana na uchafu, imwagwe. Chupa aliiweka gizani, mbali na sukari na petroli, maana vikikutana na chembe zile moto hauombi kiberiti. Na chembe hazishikwi kwa mikono mitupu. Ila pale kituoni glavu zilikuwa hazifiki, na vidonda vya wachimba dhahabu wa Mwenga havingoji.

Basi viganja vyake vikabaki zambarau. Ndimu ilishindwa kuitoa rangi hiyo. Kitu kichafu alichokigusa kiligeuka kahawia, na wenzake wakawa wanampitishia vyombo avikague, kazi inaendelea. Kilichomuuma ni kimoja tu: Jumapili mjukuu wake Carine alikuwa anabatizwa, na viganja vile vingemuunguza. Alitaka jozi moja ya glavu, ampakate.

Papa Didier, msimamizi wa kituo, ndiye angekuwa baba wa ubatizo. Alipokuja kusalimia, Rosalie akampa kifundo cha mkono, kama afanyavyo kila mtu mwenye mikono michafu. Bwana akaona amedharauliwa.

“Maman, siye tuko famille, jamaa moja. Unipatie mukono.”

Akampa. Kiganja cha Papa Didier kikawa kahawia, kisha mkono mzima. Rangi ikashuka suruali, ikavuka barabara, ikapanda ngazi za duka la dawa la mke wake, ikasimama kwenye makartoni ya glavu yenye muhuri wa kituo. Mgonjwa mmoja alisogeza kiti ipite. Mke akayafunika kwa kitenge, akaendelea kuuza. Watu wengine wameumbwa bila haya, jamani.

Rosalie akamwomba Papa Didier jozi moja, ya Jumapili tu.

“Zitafika, maman,” Papa Didier akasema, akaenda kunawa. Rangi haikutoka.

Jumapili alikuja kanisani na suti, na mikononi glavu mpya, kuficha ile kahawia. Yeye ndiye aliyempakata Carine mbele ya padri, vigelegele vikapigwa. Baadaye akampitisha karibu na bibi yake, na mtoto akanyoosha vidole. Rosalie alitamani kulia. Akakunja viganja vyake visimguse mtoto, akampa kifundo cha mkono.