Nafasi ya Mwalimu wa Usalama

Omaimah Macaurog alikuwa amefundisha miaka mingi katika vyuo vitatu vya Manila, na katika vyote vitatu hakuwa na kiti cha kuita chake. Alikuwa mwalimu wa kibarua: muhula ukiisha na mkataba umekwisha, na likizo nzima anasubiri simu kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo. Kwa hiyo idara aliyosomea udaktari wake wa falsafa ilipotangaza nafasi ya kudumu ya kufundisha usalama wa Asia ya leo, aliomba siku ileile. Mkuu wa idara, Profesa Benilda Sarmenta, ndiye aliyemsimamia tasnifu. Alimwambia aondoe wasiwasi, nafasi hiyo ni kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Mwishoni walibaki wawili, yeye na kanali mstaafu, Renato Alcaraz, aliyevua magwanda akarudi darasani na kupata udaktari ukubwani. Kila mmoja alitakiwa kutoa somo la mfano mbele ya kamati na wanafunzi.

Omaimah alitangulia. Alifundisha ugomvi wa visiwa na miamba ya baharini, nani anadai nini na kwa nini hakuna anayethubutu kufyatua risasi ya kwanza, na wanafunzi wakasahau simu zao. Mjumbe mmoja wa kamati akamuuliza, kwa upole wenye mwiba ndani yake, mbona hakuchagua vita vya Lumbayan, mji wa kusini, na yeye ni mwenyeji wa huko. Alijibu kwamba ameomba kufundisha Asia, hakuomba kupewa rambirambi. Watu walicheka. Profesa Sarmenta hakucheka.

Vita vya Lumbayan alivichagua kanali.

Omaimah angeweza kwenda zake, lakini alikaa safu ya nyuma kumsikiliza. Alcaraz alikuwa mwalimu mzuri, haki yake tumpe. Alisema taratibu, akatia utani kidogo, akaonyesha picha za angani za mji ule wa kando ya ziwa, jinsi wapiganaji walivyouteka na jeshi likaukomboa mtaa kwa mtaa. Kwenye picha mojawapo Omaimah aliona paa la bati la kijani, tangi la maji juu yake limeinama upande, na mnara wa msikiti jirani. Ilikuwa nyumba ya baba yake, imezungushiwa duara jekundu. Kanali akaeleza kuwa humo walijificha wadunguaji, na kwamba kabla ya kuipiga walihakikisha hakuna raia hata mmoja aliyebaki.

Familia ilipokimbia, mdogo wake baba, Bapa Saripada, alikataa kutoka. Mguu wake ulikuwa mbovu, na alisema hatabebwa mgongoni kama gunia la mchele. Walimwachia simu, na baada ya siku chache simu ikawa haiiti. Walipiga, wakapiga, mwisho wakakata tamaa. Wakamswalia swala ya ghaibu kambini, kwenye mahema ya wakimbizi. Maiti haikuonekana, na hakuna aliyejua alikufa siku gani. Kila mwaka baba yake Omaimah alitaka kumsomea hitima, na kila mwaka hakujua aisome lini.

Omaimah alisimama.

"Kanali, nyumba hiyo ilikuwa na mtu."

"Umejuaje, Daktari?"

"Ni kwetu. Alikuwemo baba yangu mdogo."

Kanali hakubabaika. Aliweka mkono kifuani akampa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Kisha akawageukia wanafunzi. "Mnaona? Huu ndio upande wa kibinadamu wa somo letu. Msiusahau." Na wanafunzi, kwa kukosa la kufanya, wakapiga makofi.

Wiki iliyofuata Profesa Sarmenta alimwita ofisini, akamkaribisha kahawa ambayo Omaimah hakuigusa. Kamati imempa kanali. Wamemsifu sana yeye Omaimah, ila wameona hana umbali na somo lake, na mwalimu wa usalama sharti awe na umbali. Hata hivyo, wangependa aje mara moja kila muhula katika darasa la kanali, awasimulie vijana yaliyowapata watu wa kwao. Atapewa cheti cha shukrani.

"Na kura yako, Mwalimu, ilikwenda wapi?"

Profesa alikoroga kahawa yake. "Anakuja na ufadhili wa wizara ya ulinzi, mwanangu. Idara ilikuwa inakufa."

"Basi hukunipigia mimi wala yeye," Omaimah alisema. "Umeupigia ufadhili."

Alitoka bila kufunga mlango. Wiki nzima aliapa hatakanyaga tena jengo lile. Lakini picha ya paa la kijani haikumtoka, wala wazo lililokuja nayo, kwamba kanali anaijua siku nyumba ile ilipopigwa. Akameza kiburi chake, kichungu kama shubiri, akaenda kubisha hodi kwenye ofisi mpya ya Alcaraz.

Kanali alimpokea kwa heshima. Alimvutia kiti, akafungua kompyuta, akatafuta jalada la shambulio kwa wepesi wa mtu anayetazama ratiba ya mabasi. Akamtajia tarehe. Ijumaa, adhuhuri. Akaendelea kusoma kwa sauti, labda kwa mazoea: asubuhi ile kamera ya angani iliona mtu mmoja juu ya paa, anachota maji tangini, anachechemea. Amehesabiwa mpiganaji.

Hapo akaacha kusoma. Akafunga kompyuta polepole.

"Sikulisoma hili vizuri," alisema.

"Uliliandika wewe?"

"Niliweka sahihi."

Omaimah alimshukuru, kwa kuwa hakujua neno lingine, akatoka.

Mchana uleule alimpigia baba yake kule kusini, kwenye kijumba cha muda walichopewa. Alikusudia kumtajia tarehe tu, lakini mzee alimdadisi mpaka yakatoka yote, maji, paa na mguu. Mzee akahesabu siku tangu ile swala ya kambini.

"Wiki mbili," baba alisema. "Sisi tumeshamswalia, kumbe yeye anachota maji."

"Baba, hatukujua."

"Nilikuwa nimezoea kutojua, Omaimah." Alikohoa. "Usimwambie mama yako. Na mjane wa Saripada asijue kamwe." Baadaye, kama mtu anayetafuta pa kupumzikia, akauliza habari za ile kazi aliyokuwa ameiombea dua.

"Wamempa yeye, Baba. Huyo kanali."

"Huyo aliyeijua siku?"

"Ndiye."

"Basi," mzee alisema, "wamempa anayejua."

Akaaga, akaenda kuswali adhuhuri. Omaimah alikuwa na kipindi chuo cha pili, ng'ambo ya mto, na alikuwa amekwisha kuchelewa.