Mashua Iliyopakwa Vanishi

Fundi wa vitanda hakuwahi kuunda chombo cha majini maishani mwake, lakini mtunza makumbusho alipomfuata karakanani kutafuta mtu wa kuunda mashua ya kushonwa, alikubali kabla mama huyo hajamaliza kusema. Chumba cha vyombo vya kale pale makumbusho kilikuwa na mashua ya matete, mtumbwi wa gome la mti, na kapu la duara lililovikwa ngozi, ambalo ukilipiga kasia vibaya linakuzungusha hapo hapo. Kilichokosekana ni mashua ya wazee wa zamani, mbao zilizoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja.

"Bila msumari?" Baba mkwe wake alicheka mpaka akashika mbavu. "Mkwe, huo ni mkeka. Siku ukielea, mimi nitakuwa wa kwanza kupanda."

Maneno hayo yalimkaa fundi rohoni. Alikata mbao, akatoboa matundu pembeni. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, aliweka cherehani kando akashona kwa mkono hadi vidole vikaota sugu. Hakuna gauni lililowahi kumpa fahari kama ile, na aliwaalika wateja wake wote waje kuona. Kazi ilipokamilika, fundi akaitazama ile mashua, mkono ukamwasha. Akaipaka vanishi ndani na nje, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukiinama unajiona uso.

Siku ya siku, bwawa la nyuma ya makumbusho lilizungukwa na watu. Mzee, kwa kuwa alishajifunga kwa mdomo wake mwenyewe, akapanda na mkwewe. Hawajafika mbali, maji yakaanza kupenya kwenye maungio, taratibu, kama mgeni anayejua amekaribishwa.

"Binti yangu," mzee akapaza sauti kuelekea ukingoni, suruali imelowa, "hapa umeshona au umetania?"

Wateja wakaangua kicheko. Mkewe fundi akainamisha kichwa, akabaki akitazama vidole vyake. Hapo ndipo fundi alipokumbuka alichoambiwa na mtunza makumbusho: mbao hizi huachwa zinywe maji, zivimbe, zizibe maungio zenyewe. Yeye alikuwa amezifunga midomo kwa vanishi. Akinyamaza, lawama itabaki pale ilipo.

"Mshono hauna kosa," alisema kwa sauti ya kusikika bwawa zima. "Mimi ndiye nimeipaka mashua vanishi kama kitanda."

Sasa kicheko kilikuwa chake peke yake. Aliona aibu, tena aibu kweli kweli, huku akichota maji kwa kiatu. Mzee akapitisha kidole kwenye kamba, toka mwanzo hadi mwisho, asione palipolegea.

"Umeshona, mama," akamwambia bintiye. Kisha naye akavua kiatu, akaanza kuchota.

Baadaye, mashua imepinduliwa kwenye nyasi, mume na mke walikuwa wakikwangua vanishi kwa msasa.

"Ungeweza kunyamaza," mkewe alisema bila kumtazama.

"Ningeweza," fundi akajibu. "Halafu ningelala wapi?"