Mifuko ya Mzamiaji

Dobi alikuwa akipiga pasi mashuka ya watu mume wake alipoingia, maji yakimchuruzika hadi ndani ya buti. Alikuwa mzamiaji wa kampuni inayochota dhahabu chini ya bahari, na alikuwa amekufa huko huko tangu mwaka jana.

"Usikanyage hapo, nimepiga deki," dobi alimwambia, akamsogezea kigoda.

Akamvua shati. Kabla ya kuliloweka alipindua mifuko, maana mwanamume huyu tangu amuoe hakuwahi kukumbuka kutoa kitu mfukoni: misumari, tikiti, siku moja hata yai. Safari hii ilimwagika dhahabu, chenga tupu, ikajaa sahani.

"Wewe kwa kusahau hujambo," alisema.

Mume akacheka, maji ya chumvi yakimtoka puani. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Wameshasema nimekufa?"

"Bado. Wanasema umetoroka kazini."

Hilo lilimuuma dobi kuliko ujane wenyewe. Mtu kazama na kamba yao kiunoni, leo aitwe mtoro, na mama mkwe apite sokoni uso chini. Akatuma ujumbe kwa kampuni: njooni mjionee.

Alikuja afisa, na mizani yake kwapani. Alimsalimia dobi vizuri, akamzunguka mzamiaji asije akalowa, akapima.

"Hii ni yetu," alisema. "Kinachotoka chini ya bahari ni chetu."

"Na aliyeileta?"

Afisa akamtazama mume kuanzia utosini hadi kwenye dimbwi miguuni.

"Huyo mtoro," alisema. "Akionekana, mwambie arudishe buti zetu."

Mume, ambaye maisha yake yote hakupenda ugomvi, akainama akazivua. Afisa akamwaga mlangoni maji yaliyokuwa ndani ya buti, akaondoka nazo pamoja na dhahabu.

Dobi alilia kidogo, kisha akaanika shati.

"Mpaka waseme nimekufa, mimi sitapumzika," mume alisema. "Itabidi nije tena kesho."

"Njoo," dobi akajibu. Moyoni alifurahi, na akaona haya kufurahi. Akapiga magoti, akatafuta uvunguni zile kandambili kuukuu alizokataa kuzigawa, akamvisha, mguu mmoja baada ya mwingine, sakafu isimpe baridi.