Bomba la Moshi Lilielekea Bondeni

Kijijini kwetu Cwmhelyg mwanamke hamziki mumewe. Anakata mikate, anatia nyama, anafunga mapazia, kisha anabaki jikoni na wanawake wenzake huku wanaume wakipanda mlimani na jeneza. Ndivyo alivyozikwa baba yangu, na kaburi lake nilisimuliwa tu. Mume wangu Idwal alipofariki niliapa: huyu nitamwona kwa macho yangu akiingia ardhini.

Njia niliipata relini. Desturi ilimkataza mwanamke kutembea nyuma ya jeneza. Habari za kupanda treni haikuzitaja, maana walioitunga hawakuwaza kwamba iko siku maiti atapanda treni. Idwal alikuwa dereva wa injini za mvuke za matangi tangu ujana wake, na wakubwa wa reli walikubali ile moja iliyosalia impeleke makaburini, juu ya mlima Garth, ikivuta behewa moja. Wiki iliyofuata ingeuzwa kama vyuma chakavu, dizeli zitawale.

Hazikuwa injini za kutazamwa mara mbili. Fupi, nene, matangi ya maji yamebana mbavuni kama shehena ya punda, makaa mgongoni. Zilitengenezwa kwa ajili ya mabonde yetu membamba, ambako hakuna nafasi ya kugeuza kitu. Zilipanda kwa mbele na kushuka kinyumenyume. Ziliteremsha makaa bandarini, zikapeleka vijana vitani na kurudisha baadhi yao, zikawapeleka watoto wa kanisa baharini kila kiangazi. Mimi nilizichukia, maana masizi yake hayakuisha kwenye foronya zangu. Siku ile nilikuwa naitegemea mojawapo.

Zilikuwa na sharti moja tu: bomba la moshi lielekee mlimani daima. Injini ikiinuka kwenye mwinuko, maji ya boila hurudi nyuma na kufunika paa la tanuru. Ikigeuzwa, maji hukimbilia upande wa pili, paa linabaki kavu juu ya moto, na hapo boila hulipuka na watu hufa. Mafundi wa pwani waliipaka rangi kwa heshima ya Idwal, wakaigeuza wapate mwanga upande wa pili, wakasahau kuirudisha. Kutoka pwani hadi kwetu bondeni reli ni tambarare, hivyo haikuleta hatari. Ilifika stesheni inang'aa, imeupa mlima kisogo.

Elfed, aliyemchochelea Idwal moto miaka mingi na sasa ni dereva, aliiona akavua kofia.

"Nani kafanya ujinga huu?"

Haydn, kaka wa marehemu, alitazama bomba, akanitazama mimi. Sikupenda nafuu niliyoiona usoni mwake.

"Basi imekwisha," alisema. "Tutambeba, kama alivyobebwa baba. Shemeji, rudi nyumbani, wenzako wanakungoja."

"Wangoje. Chai haiozi."

"Tegwen, usilete vituko mbele za watu."

"Kituko ni mimi kumvika mume wangu shati la mwisho, halafu nisijue kalazwa wapi!"

Elfed aligongagonga tangi kwa vidole. "Nikijaza boila pomoni, nikaenda polepole, huenda paa likafunikwa," alisema. "Ila maji mengi hivyo yakiingia kwenye mitambo, haina nguvu tena. Siahidi kitu, mama."

"Mzee Idwal angethubutu?" nilimuuliza.

"Angenizaba kofi." Akatabasamu huku machozi yakimtoka. "Lakini maji nimeshayavulia nguo. Panda."

Tulipanda behewani, mimi na wanaume na jeneza. Injini ilikohoa, ikatema maji machafu kupitia bomba, ikaichafua rangi yake mpya. Nilishika ukingo wa jeneza nikaomba. Chini ya daraja la juu magurudumu yaliteleza, yakazunguka bure, kisha yakasimama. Elfed alikuja mlangoni pa behewa kichwa chini.

"Nisamehe, mama. Kioo cha boila hakionyeshi maji. Inabidi nimwage moto sasa hivi."

Nilisikia makaa yakianguka chini relini, na moyo wangu ukaanguka nayo. Wanaume walitoa jeneza wakaliweka mabegani. Haydn alinigeukia, safari hii kwa upole, na upole ule uliniudhi kuliko ukali.

"Kaa humu, shemeji. Dizeli itakuja kulivuta behewa, utarudi nayo."

"Behewa litarudi. Idwal je?"

Nikashuka. Kokoto zilipenya soli za viatu vyangu vya kanisani. Hakuna aliyenishika mkono, hakuna aliyenizuia. Elfed aliiacha injini yake inafuka, akaja kutembea kando yangu.

Wakaanza wimbo. Tangu utotoni nilikuwa nikiusikia kutoka dirishani ukipotelea mlimani, sauti za teno na besi tu, bila ile ya juu ya wanawake. Niliidaka ile ya juu. Ilitoka imekwaruza, mbovu kabisa, lakini niliishikilia, na nilimwona Haydn, bega chini ya jeneza, akitetemeka mgongo. Hakugeuka. Alipunguza mwendo, na wenzake wakapunguza, hadi hatua zao zikalingana na zangu.

Kaburini walinipisha mbele. Kamba zilishuka polepole. Nilimwona Idwal akifika chini.