Magodoro ya Ukutani

Tegeni masikio, maana hadithi hii ni ya masikio.

Palikuwa na bibi mmoja, fundi wa magodoro, ambaye watu wote walimwita Mama Pamba, hata wale asiowazaa. Kwa miaka arobaini alikuwa ameshona magodoro ya wachanga na ya wagonjwa, ya maharusi na ya wageni, na halikurudishwa hata moja. Nyumbani aliishi na mwanawe wa kiume, seremala, na mjukuu wake wa kike, mtoto wa binti yake, aliyeitwa Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza, na alipojua kuimba ndiyo kabisa.

Chiriku alikuwa ameangukiwa na bahati. Mtayarishaji mmoja wa muziki alitafuta sauti ya kike kwa albamu yake. Chiriku akarekodi wimbo chumbani mwake, kwa maikrofoni ndogo na kompyuta ya mtumba, huku mjomba wake seremala akimpigia gitaa. Akautuma. Jumatano jibu likaja: "Sauti ni nzuri, lakini ni kama unaimba ndani ya pipa. Nitumie nyingine safi kabla ya Jumamosi saa kumi alasiri. Ikipita hapo, namchukua mwingine."

Chiriku akanyamaza. Hapo ndipo bibi yake alipojua kuwa mambo ni mazito.

"Kosa si lako, ni la chumba," alisema mjomba. Akasimama katikati, akapiga kofi moja. Pa! Kuta zikamjibu pa-pa-pa.

"Kitendawili!" akasema Mama Pamba.

"Bibi jamani, saa hizi?"

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Nina mgeni nyumbani. Nikinyamaza hayupo, nikisema ananidakia maneno."

"Mwangwi," akajibu Chiriku kwa unyonge.

"Basi huyo ndiye tunamfukuza. Siku tulipohamia hapa, vyumba vilikuwa vinalia kama debe tupu. Tulipoingiza magodoro, kimya. Mwanangu, piga fremu. Chumba hiki nakishonea magodoro yake."

Mjomba akapiga fremu nane za mbao, kina cha kiganja. Mama Pamba akachambua pamba, akashindilia, akavika, akashona kwa ile sindano yake ndefu. Ijumaa jioni yakatundikwa: matatu nyuma ya mwimbaji, mawili ubavuni, mawili kwenye kona za mbele, na moja juu darini, likining'inia kwa kamba juu ya maikrofoni.

Jumamosi saa nne asubuhi Chiriku akaimba, akajisikiliza kwa vipokea sauti vya kuvaa masikioni.

"Vipi?" akauliza bibi.

"Pipa limekuwa ndoo."

Mama Pamba alihisi kama amepigwa kibao. "Pamba yangu haina kosa."

"Tuongeze basi," akasema Chiriku. "Tutundike na magodoro ya vitandani, tufunike kila mahali!"

"Ukifunika kila mahali, gitaa langu litakuwa kama limevikwa blanketi," mjomba akakataa. "Nalo linahitaji ukuta kidogo wa kuchangamkia." Akalisogelea godoro moja, akalibonyeza kwa kidole. Likalia kwacha-kwacha. "Mama, humu ndani chini ya kitambaa umevika nini?"

"Nailoni, unadhani nini? Godoro lisilo na nailoni si godoro, ni tandiko."

"Sasa Mama, ukutani atakojoa nani?"

Chiriku akacheka mpaka akaketi sakafuni, kisha kicheko kikageuka machozi, maana saa ilikuwa imefika sita.

"Sauti ni upepo, Mama," mjomba akasema taratibu. "Ikiikuta nailoni inageuza njia. Pamba yako haijaisikia bado."

Mama Pamba hakuwa mtu wa kuambiwa kuhusu godoro. Akaliteremsha moja, akaweka mdomo kwenye kitambaa, akapuliza. Pumzi yake yote ikamrudia usoni, ya moto. Akachukua kipande cha kitambaa kilekile kilichobaki, kitupu, akapuliza tena, na kwa upande wa pili kiganja chake kikapata ubaridi.

Akakaa nalo mapajani. Mishono ilikuwa sawa kama meno ya mtoto. Tangu aanze kazi hakuwahi kufumua kitu alichokwisha kukifunga, na alikuwa akiwacheka mafundi wenzake waliofanya hivyo. Akamtazama mjukuu wake pale sakafuni.

"Nipe wembe," akasema. "Na nyie msiguse uzi wa kwanza. Niliufunga mwenyewe, nitaufungua mwenyewe."

Basi wakafumua watatu. Nailoni nane zikarundikana mlangoni, pamba ikawajaa nyusi, na Mama Pamba akashona upya kwa mishono mirefu ya haraka ambayo siku nyingine angeionea haya. Mjomba akagongomea vibanzi nyuma ya fremu, ili kati ya godoro na ukuta ibaki nafasi ya kupitisha mkono. "Sauti ikipenya, ichoke zaidi huko nyuma," alisema.

Saa tisa na robo akapiga kofi. Pa! Basi. Ukuta haukusema neno.

Chiriku akaimba mara moja, akakosea kwa furaha. Akaimba mara ya pili, na bibi yake akakaa kitandani amebana pumzi, hata kukohoa akakumeza. Ilipobaki dakika saba kutimia saa kumi, wimbo ukaenda.

Walikuwa bado wanafagia pamba simu ilipolia mlio wa ujumbe. Chiriku akasoma kwa sauti: "Hii ndiyo. Njoo Jumatatu tuanze. Na mpiga gitaa aje."

Chiriku akamrukia bibi yake, nusura wadondoke wote. Mjomba alibaki amesimama na ufagio.

"Mimi? Jumatatu nina milango ya watu."

"Milango itasubiri," Mama Pamba akamwambia, akimpangusa pamba begani. "Haina miguu."