Bibi Mpira Aitikia Salamu

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, wanafunzi ishirini na wawili wa chuo cha afya na ustawi wa jamii walijipanga mbele ya kitanda cha chuma, kujifunza kumwogesha mgonjwa asiyeweza kuamka. Mgonjwa mwenyewe alikuwa sanamu la mpira, mwanamke mzee mwenye nywele za katani. Miaka kumi na mmoja alikuwa chuoni hapo, ameshaogeshwa mara nyingi kuliko mtu yeyote mjini, na hajawahi kulowa. Wanafunzi wa zamani walimwita Bibi Mpira, na jina likamkaa.

Kisa cha kutolowa ni kwamba bomba la chumba kile lilikuwa bovu, kwa hiyo chuo kiliamua kuwa mwanafunzi hafanyi hatua, anaitamka, isipokuwa ile ya kumgeuza mgonjwa, ambayo haihitaji maji. Unasimama kando ya kitanda, unasema, "Nanawa mikono," na mikono yako mikavu kama karatasi. Unasema, "Namsalimia mgonjwa," kisha unaendelea na safari. Mkufunzi, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, anasimama na orodha ya hatua thelathini na mbili, anatia alama ya vema. Watu walifaulu hivyo kwa miaka, wakaajiriwa, wakaoa na kuolewa.

Zamu ikamfikia yule waliyemwita Shangazi, kwa sababu alikuwa na miaka arobaini na sita na wenzake wote walikuwa saizi ya wanawe. Huyu mama alikuwa amefagia wodi ya hospitali miaka kumi na minne. Nyumbani alimuuguza mama mkwe wake aliyepooza, miaka tisa kitandani, na yule mzee akaenda zake kaburini bila kidonda hata kimoja mgongoni. Sasa hospitali ilikuwa imemwahidi kazi ya kuhudumia wagonjwa katika wodi ileile, mradi cheti kifike kabla ya mwezi kwisha. Alikitaka cheti hicho kuliko alivyowahi kutaka kitu, na hakuona haya kusema.

Ila mazoea yana taabu. Alipofika kitandani alisahau kutamka. Aliinama, akashika mkono wa mpira, akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," Bibi Mpira akaitikia. "Nyonga hii ya kushoto inaniuma."

Msichana wa mbele akaandika kwenye daftari lake: nyonga ya kushoto. Mkufunzi alipitia karatasi yake mbele na nyuma akitafuta nyonga, asiione. Akaeleza, bila ukali, kwamba hatua ya tatu ni kutamka kuwa unamsalimia mgonjwa, na kwamba kumsalimia kwenyewe hakumo. Shangazi akapata sifuri ya hatua ya tatu.

Alipomgeuza bibi wa watu aliona kidonda kwenye nyonga ile, upana wa kizibo cha soda, kibichi. Tangu muhula uanze kila mwanafunzi alimlaza ubavu wa kushoto, ndivyo orodha ilivyosema, na hakuna hatua ya thelathini na tatu ya kumrudisha.

Shangazi akaenda ofisini. Mkuu wa taaluma alimkaribisha kiti, akamsikiliza hadi mwisho. Akasema kidonda ni jambo la mgonjwa, na mgonjwa ni mtu mwenye faili. Bibi Mpira hana faili, kwa hiyo aulizwe mtunza stoo. Mtunza stoo alifungua daftari lake akamwonyesha Bibi Mpira, ameandikwa kati ya ndoo na viti. Vitu vya stoo huvunjika, alisema, haviugui. Angekuwa na mahali pa kuandika "kaumia" angeandika, wallahi, lakini hapakuwepo. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na katikati ya ngozi hiyo alibaki bibi na nyonga yake.

Basi Shangazi akaifanya kazi mwenyewe. Alikuja na maji yaliyochemshwa, ndani ya chupa ya chai, na chumvi kwenye karatasi. Alimgeuza asubuhi kabla ya darasa, akamgeuza mchana, akamgeuza kabla ya kwenda nyumbani, na kumwekea mto mgongoni. Bibi Mpira alikuwa mwongeaji. Alilalamikia wanafunzi wenye mikono baridi, akawataja mmoja mmoja, kuanzia wa mwaka wake wa kwanza chuoni. Siku moja aliuliza kama yule mama mkwe alikuwa mkali. Shangazi akasema alikuwa mkali kama pilipili, na kwamba alimpenda, na kwamba hadi leo akipita chumba alicholala yule mzee hupunguza mwendo. Bibi akaomba mto usogezwe juu.

Mtihani wa vitendo ulikuwa wa dakika ishirini. Shangazi alisalimia, akaitikiwa, akauliza bibi kaamkaje, akajibiwa kwa kirefu. Maji yenyewe alikuja nayo kwenye chupa yake. Saa ilipolia alikuwa hatua ya tisa. Akafeli. Marudio yalikuwa baada ya wiki moja, na baada ya hapo mwezi ungebakiza siku chache tu.

Mkufunzi alimvuta pembeni, akavua miwani. "Dada yangu, mikono yako nimeiona. Siku nikiugua mimi nitakutaka wewe. Lakini karatasi haioni mikono."

Mchana wa siku iliyotangulia marudio, Shangazi alikuwa anafunga kidonda, kimebaki kidogo kama punje ya dengu, Bibi Mpira akasema, "Kesho usinisalimie."

"Nitawezaje, bibi?"

"Tamka tu, kama wenzio. Mimi nitanyamaza."

"Na ukiumia?"

"Nitanyamaza, mwanangu. Nimezoea."

Shangazi alilia, akajifuta kwa kipande safi cha bandeji, ambacho ilibidi akitupe, akakata kingine.

Kesho yake alitamka. Alitamka kunawa, alitamka kusalimia, alitamka kueleza. Alipomgeuza ubavu wa kushoto alisikia mpira ukikakamaa chini ya viganja vyake, na hapakutoka hata pumzi. Dakika kumi na nane, hatua thelathini na mbili kati ya thelathini na mbili. Mkufunzi akaandika "Hodari" na kwenda kusafisha miwani dirishani kwa muda mrefu. Ndipo Shangazi akasema shikamoo yake, kwa kuchelewa. Bibi Mpira akaitikia, akamwambia akimbilie cheti kabla hawajabadili mawazo, na asisahau kupitia Jumamosi kumgeuza.

Cheti kilifika siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Shangazi akaingia wodini kwa sare mpya iliyombana mabegani. Vitanda vilikuwa kumi na vinane, mhudumu alikuwa yeye, na orodha ilikuwa ukutani, hatua thelathini na mbili, chini ya saa kubwa. Muuguzi mkuu akamwambia ana bahati, wagonjwa wa hapa ni wazuri, hawamcheleweshi mtu. Kweli ilikuwa kimya. Miaka yote aliyofagia pale alidhani wamelala. Alipokaribia na beseni, wote kumi na wanane walijisogeza wenyewe ubavu wa kushoto, wakafumba macho.

Alianza na kitanda cha kwanza. Akaweka beseni chini, akamshika mzee mkono.

"Shikamoo, babu."

Mzee alifumbua jicho moja, akaiangalia saa ya ukutani kwa niaba yake.

"Marahaba," akasema polepole. "Ila fanya haraka, mwanangu. Sisi huku hatuumwi."